Kufua ovaroli ya grisi bila kuchafua mashine: mwongozo kamili

Kama kwenu kuna mtu wa gereji, ama mtu anakaanga chips, ama anachoma nyama, unajua vile zile nguo hukuja nyumbani jioni. Na kama kuna mashine ya kufua kwa nyumba swali linakuja tu lenyewe, nitupe ndani ama niache? Mimi nafua nguo za watu hapa Umoja, Nairobi, dobi ndogo tu, na wateja wangu wengi ni makanika wa Grogan na mafundi wa Kariobangi Light Industries, kwa hivyo hizi ovaroli ndizo kazi yangu. Jibu langu ni hili: ovaroli inaweza kuingia kwa mashine ikatoka safi na mashine ikabaki safi, lakini grisi yenyewe isiingie. Grisi inatolewa kwa beseni. Mashine inakuja kumalizia jasho, vumbi na harufu. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaachia mashine kazi yote halafu wanashangaa mbona shuka za watoto zinatoka na vidoa vya kijivu.

Grisi inafanya nini ndani ya mashine

Mashine ya kufua iko na dramu mbili. Kuna ile unaiona ya chuma yenye matundu, na kuna ingine ya nje, kawaida ya plastiki, ambayo huioni na ndiyo inashika maji. Maji yakiwa moto grisi inaachilia nguo kidogo, halafu maji baridi ya kusuuza yakiingia inaganda na kwenda kushika kwa ile dramu ya nje, nyuma kabisa mahali mkono haufiki, inachanganyika na nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni na sofna, ile ya kulainisha nguo, mpaka inakuwa utando mweusi mzito. Huo utando ndio unabanduka kidogo kidogo kila ukifua na kurukia nguo zingine. Mpira wa mlango nao haupendani na mafuta ya gari, unavimba na kulegea polepole mpaka siku moja unaanza kuvujisha maji sakafuni. Na kile kichujio cha pampu pale chini kinajaa nyuzi zilizoshikana na mafuta, mashine inakataa kumwaga maji, unaita fundi.

Halafu kuna jambo la moto, na hapa naomba usome polepole. Nguo iliyomwagikiwa petroli, thina ama mafuta ya taa haiingii kwa mashine. Mlango ukifungwa mvuke unabaki ndani, na mashine iko na mota na swichi za stima. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata ile asubuhi ya Julai unavaa sweta mbili. Nguo kama hiyo ianikwe nje kwanza, mbali na jiko na mbali na mtu wa sigara, mpaka harufu iishe kabisa, halafu ifuliwe kwa mkono. Na kama una draya, mafuta ya kupikia ama ya masaji yakibaki kwa taulo, ukaikausha kwa moto mkali halafu ukazirundika zikiwa bado na joto, yale mafuta yanaendelea kujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka masaa baadaye mkiwa mmelala. Watu wa salon na wa spa, hii ni yenu.

Kwanza jua ni mafuta gani

Mafuta ni aina mbili na haziendi kwa njia moja. Aina ya kwanza ni ya jikoni, yaani mafuta ya kupikia, Kimbo, siagi, mafuta ya nyama. Aina ya pili ni ya ardhini, yaani oili ya injini, grisi ya bearing, dizeli, hata Vaseline. Ya jikoni inavunjwa na magadi, na inavunjwa pia na vimeng'enya ambavyo viko kwa sabuni nyingi za unga siku hizi. Ya injini haivunjwi na hivyo vitu, unaweza loweka ovaroli kwa Omo usiku mzima na asubuhi grisi inakusalimia pale pale. Hiyo inataka kitu cha kuiyeyusha ama sabuni kali ya kukata mafuta, na inataka msuguano.

Kuna utofauti mwingine ndani ya hizo za gari. Oili mpya haina rangi nyingi, inatoka vizuri. Oili iliyotumika ni nyeusi kwa sababu imebeba masizi ya injini, na ile grisi nyeusi ya CV joint, kile kiungo cha ekseli karibu na gurudumu, mara nyingi imewekwa madini yanayoitwa molybdenum disulphide, na hayo ndiyo yanaifanya iwe nyeusi hivyo. Sasa mafuta yanaweza kutoka yote na ule weusi ukabaki kama kivuli kwa kitambaa. Huo weusi uliobaki si mafuta tena, hauchafui mashine, na Jik haitauondoa, kwa hivyo usiue nguo ukiutafuta. Ovaroli ni nguo ya kazi bana, ikiwa haina mafuta na hainuki hiyo imefuliwa.

Vitu vya kuwa navyo

Beseni mbili kubwa za plastiki, na nasema plastiki makusudi kwa sababu magadi inakula sufuria za alumini, zinakuwa nyeusi. Brashi ya kufulia ya nywele ngumu na ingine ndogo, mswaki mzee unatosha. Glavu za mpira, zile ndefu za kufika karibu kiwiko kama unaweza kupata. Sabuni ya maji ya vyombo, hii ndiyo mfalme wa kazi yote na hauhitaji ya bei ghali, angalia tu isiwe imetiwa maji mpaka inatiririka kama uji wa mgonjwa, maana hizo za kupimiwa mtaani zingine ni povu la dakika moja. Sabuni ya kipande. Magadi ya kufulia, ile ya unga mweupe, na kama hupati tumia magadi ya kupikia lakini iyeyushe kwa maji moto na uichuje kwanza kwa sababu iko na mchanga. Gazeti kuukuu ama tishu. Kadi ya plastiki isiyotumika ama kisu butu.

Kama ni grisi ya gari iliyokauka ongeza ile gel ya kuoshea mikono ya makanika, inauzwa kwa maduka ya spea. Ina kazi nzuri kwa nguo. Ukipata ile yenye punje punje kama mchanga tumia kwa nguo nzito pekee.

Hatua ya kwanza: kausha na kwangua, usiweke maji

Ovaroli ikifika usikimbilie bomba. Maji yakitangulia yanajaa kwa nyuzi na sabuni haitapata mahali pa kushika mafuta. Iweke juu ya gazeti, toa kila kitu kwa mifuko, na usitoe kwa kupapasa tu, geuza mfuko nje kabisa. Utapata nati, spana namba 10, plagi, kadi ya simu, na kwa watu wa leth, ile mashine ya kuchonga chuma, utapata vipande vya chuma vilivyojikunja, hivyo ni vibaya sana kwa dramu na kwa vidole vyako pia. Kung'uta nje.

Halafu chukua ile kadi ya plastiki uanze kukwangua grisi iliyosimama juu ya kitambaa, kutoka pembeni ya doa ukienda katikati ndio usilipanue, na kila ukikwangua unafuta kadi kwa gazeti. Usisugue. Kama ni mafuta mabichi yaliyomwagika leo, nyunyiza poda ya mtoto ama chaki ya kusaga, acha kama dakika ishirini inyonye halafu ipepete. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inaonekana ni kuchelewa, lakini kila kijiko cha grisi kinachoenda na gazeti ni kijiko ambacho hutapigana nacho kwa maji.

Hatua ya pili: sabuni kwa nguo kavu

Nguo ikiwa bado kavu, mwaga sabuni ya vyombo moja kwa moja juu ya doa. Ovaroli moja ya kawaida inakula vijiko viwili vitatu vya chakula, nyingi ikienda kwa mapaja, tumbo, na mwisho wa mikono. Piga brashi taratibu kufuata mistari ya kitambaa, halafu upande mwingine, halafu geuza ndani nje upige kwa nyuma ya doa, kwa sababu mafuta yalishapenya. Utaona sabuni inabadilika rangi, inakuwa kijivu halafu kahawia, hapo inashika. Acha ikae nusu saa. Isikauke, ikianza kukauka ongeza tone la sabuni.

Kwa grisi ngumu ya zamani, ile imekuwa kama gamba, paka kwanza mafuta ya kupikia kidogo, eeh, mafuta juu ya mafuta. Sugua na kidole cha glavu mpaka gamba lilegee, futa na tishu, halafu ndio sabuni. Lami ya barabara inatoka vivyo hivyo. Hii ndiyo njia naipenda kuliko mafuta ya taa.

Najua wengi wetu tumekulia na mafuta ya taa, na ukweli inayeyusha grisi vizuri. Kama ni lazima uitumie, iwe kidogo kwa kitambaa, nje ya nyumba, hakuna jiko hakuna kibiriti karibu, unagusa doa tu huiloweshi nguo nzima, halafu unafua kwa mkono na sabuni na kusuuza mpaka pua yako haipati kitu. Nguo ikinuka hata kidogo haiendi kwa mashine. Petroli na thina achana nazo kabisa kwa kufua, hakuna ovaroli inafaa hiyo hatari.

Hatua ya tatu: beseni la maji moto

Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka baharini, na maji yetu yanachemka karibu digrii 94, si 100. Kwa hivyo ukichanganya nusu maji ya kuchemka na nusu ya bomba unapata karibu digrii 55, na hiyo ndiyo unataka kwa ovaroli ya pamba tupu. Kama lebo inasema imechanganywa na poliesta, weka sehemu moja ya kuchemka kwa mbili za baridi, unapata kama 45. Shawa ya moto pekee mara nyingi haifiki hapo, na kwa mafuta ya nyama hiyo ni shida, maana mafuta ya ng'ombe yanayeyuka kwenye digrii 40 mpaka 50 hivi, chini ya hapo unayasukuma tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mimina maji moto kwa beseni, vijiko vinne vya chakula vya magadi kwa kila lita 10, koroga iishe, halafu weka nguo na ile sabuni yake bila kuisuuza. Ovaroli mbili kwa beseni, usijaze. Vaa glavu, magadi inakausha ngozi vibaya. Kwa nguo za jikoni magadi inafanya kazi kubwa, inageuza sehemu ya yale mafuta kuwa sabuni yenyewe. Kwa grisi ya gari inasaidia tu sabuni ifanye kazi, haswa kama maji ya borehole yenu yanakataa kutoa povu. Sweta ya sufu ama kitu cha hariri kisiguse magadi.

Acha nusu saa kwa nguo za gereji, na kwa aproni ya chips unaweza acha hata masaa mawili. Halafu kanda, kamua, piga brashi tena kola, mikono na magoti ukitumia sabuni ya kipande.

Sasa angalia povu, kwa sababu povu ndiyo inakuambia ukweli. Ikiwa povu imekufa na maji yamebaki mazito bila kitu juu, sabuni imeisha nguvu, na mafuta yaliyokuwa yameshikwa yanaanza kurudi kwa nguo. Ukiendelea kufulia maji hayo unapaka tu. Badilisha maji.

Na namna ya kubadilisha ina maana kuliko watu wanavyofikiria. Mafuta yanaelea juu. Ukivuta ovaroli kutoka chini ukaipitisha kwa ule utando unaoelea, umeivalisha grisi tena kutoka kola mpaka miguu. Fanya hivi: shikilia nguo chini kwa mkono mmoja, inamisha beseni polepole ili maji ya juu yamwagike kwanza na utando wote, mwaga karibu nusu, halafu ndio utoe nguo uweke kwa beseni la pili lenye maji moto mapya na sabuni kidogo. Kwa hawa wateja wangu wa Grogan mara ya pili ndiyo inatosha, kwa mtu wa gea boksi wakati mwingine ni mara ya tatu.

Najua maji ni ya kununua mitungi kwa mitaa mingi na mgao unakuja siku zake, kwa hivyo maji ya mwisho ya kusuuza usiyamwage, weka uanzie nayo ovaroli inayofuata.

Hatua ya nne: jaribu kabla ya mashine

Hapa ndipo unaamua. Suuza nguo kwa maji safi, ikamue, halafu chukua tishu nyeupe uifinye kwa nguvu na kidole gumba mahali doa lilikuwa baya zaidi, uhesabu mpaka kumi. Tishu ikitoka na maji tu, poa. Ikitoka na alama ya manjano ama kahawia inayong'aa, mafuta bado yako. Kama kuna kivuli cha kijivu kikavu bila kung'aa, huo ni ule weusi niliosema, usikusumbue.

Jaribio lingine ni la maji. Weka ile nguo kwa beseni la maji safi baridi, iache itulie bila kuguswa, halafu inama uangalie juu ya maji ukiwa upande wa mwanga, karibu na dirisha ama nje kwa balkoni. Mafuta ya gari hata yakiwa kidogo sana yanatandaza rangi juu ya maji, zambarau na kijani na dhahabu zikisogea sogea, na ukizigusa na ncha ya kidole zinakatika kisha zinarudi kuungana. Ukiona hizo rangi rudi hatua ya pili kwa yale maeneo pekee. Ukiona maji matupu, na pua haisikii oili, ovaroli imefuzu.

Nasisitiza hii kwa sababu ndiyo mpaka wenyewe. Mashine yako inabaki safi ama inachafuka kulingana na kile tishu ilikuambia.

Hatua ya tano: ndani ya mashine

Ovaroli zifuliwe peke yake. Usichanganye na nguo za watoto, na si kwa ajili ya rangi tu. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali ambazo zikikaa kwa ngozi miaka mingi zinahusishwa na saratani ya ngozi, na shirika la utafiti wa saratani duniani, IARC, limeweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri kwa kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo hata beseni la hizo nguo lisiwe lile la kuogeshea mtoto.

Funga zipu na vifungo, geuza ndani nje, jaza dramu nusu tu. Ovaroli ni nzito na zikibanana hazisuguani, zinazunguka kama mzigo mmoja. Kama mashine ina kitufe cha Pre Wash kibonyeze, maji ya kwanza yanamwagwa kabla ya kufua kwenyewe. Chagua programu ndefu ya pamba, digrii 60 kwa pamba, 40 kwa yenye poliesta, na uongeze kusuuza kumoja zaidi. Zile programu za dakika kumi na tano hazifai hapa.

Sabuni iwe ya mashine. Ile sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi, na kwa mashine ya mlango wa mbele povu likizidi nguo zinaelea badala ya kugongana, na povu linaweza kutokea kwa droo ya sabuni likafurika sakafuni. Ndio maana pia nguo lazima isuuzwe ile sabuni ya vyombo yote kabla ya kuingia, na usiwahi kumwaga sabuni ya vyombo kwa droo. Sofna usiweke, hata kama unapenda harufu yake. Sofna inaacha utando wa mafuta mafuta kwa kitambaa, nguo inashika uchafu haraka na dramu inashika utando.

Wenye mashine ya tabu mbili, ile ya kuhamisha nguo kwa mkono kwenda kwa spini, mna bahati kwa sababu mnaona maji. Yakiwa meusi mwaga katikati, jaza upya. Na mfute kuta za tabu na kitambaa cha sabuni ingali na joto.

Anika kwa jua, ndani nje. Usipige pasi mpaka nguo ikauke na uiangalie kwa mwanga, kwa sababu mafuta yaliyofichika nguo ikiwa mbichi yanajitokeza ikikauka, sehemu inaonekana nyeusi kidogo ama kama ina maji maji. Ukipiga pasi hapo umelipika doa, halitoki tena kirahisi. Rudi na sabuni ya vyombo kwa nguo kavu, doa hilo tu.

Kuhusu mama fua

Wengi hapa Nairobi hatufui wenyewe, tunaita mama fua. Tafadhali usimpe ovaroli ya oili ndani ya bei ya nguo za kawaida na mikono mitupu. Mwambie mapema, mpe glavu, mpe maji moto, na muelewane bei tofauti ya hizo nguo. Hiyo kazi ya hatua ya pili na ya tatu ni ya mgongo na mabega, na ngozi yake ndiyo inakaa kwa oili saa nzima.

Yale maji machafu yanaenda wapi

Yasiende kwa mtaro wa mvua. Mitaro yetu inaishia kwa mito, Nairobi, Mathare, Ngong, na mafuta kidogo tu yanafunika maji eneo kubwa. Yasiende pia kwa sinki la jikoni, mafuta ya nyama yanapoa ndani ya paipu yanaganda, na mwezi ujao ploti nzima inatafuta fundi wa kuzibua. Kama mko kwa laini ya majitaka, mwaga chooni yakiwa bado na sabuni nyingi, kidogo kidogo, halafu flashi. Grisi uliyokwangua na gazeti lake vifungwe kwa mfuko viende na taka. Kitu chochote chenye mafuta ya taa kiweke kwa chupa yenye kifuniko umrudishie makanika, gereji nyingi zina pipa la oili chafu ambayo watu huja kununua.

Kama mashine imeshachafuka tayari

Chomoa stima kwanza. Vuta nje mikunjo ya mpira wa mlango uifute na kitambaa cha maji moto na sabuni ya vyombo, kunjo kwa kunjo, upande wa chini ndiko kunakuwa na matope meusi. Usitumie thina wala petroli kwa mpira, utauharibu na utaleta hatari ile ile tuliyosema. Droo ya sabuni itoe nzima uisugue na mswaki. Fungua kichujio pale chini mbele, ukiwa umeweka tambara na sahani bapa ya kukinga maji, toa nyuzi, futa ndani mahali feni ndogo ya pampu iko, na uhakikishe inazunguka ukiisukuma na kijiti.

Rudisha stima. Weka nusu kikombe cha magadi ya kufulia ndani ya dramu tupu, na uendeshe programu ya moto zaidi mashine inayo, ile ya 90 ama Tub Clean. Ikifika katikati isimamishe kama inakubali, iache ikae saa moja na yale maji moto, halafu iendelee. Ukitaka kutumia Jik fanya siku ingine kivyake, na Jik isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini ambayo inaunguza mapafu.

Ukimaliza tia taulo kuukuu nyeupe peke yake, programu ya digrii 60 bila sabuni. Itoe uikague pande zote. Vidoa vya kijivu vikiwepo, rudia ile ya magadi. Ukirudia mara tatu na taulo bado inatoka na madoa, basi utando umekuwa mnene kuliko maji yanavyoweza, na itabidi fundi afungue dramu ya nje aikwangue kwa mkono.